Ndugu zake wanasema hajitambui, mimi naona anaelewa kila kitu

Mpendwa mshauri,

Mume wangu ana miaka 56. Miezi mitano iliyopita aliamka alfajiri amelegea upande wote wa kulia na mdomo umekwenda upande. Hospitali walimpiga picha ya kichwa, wakasema ni kiharusi cha damu kuganda na kimeharibu ubongo upande wa kushoto. Alilazwa, akapewa dawa za presha na aspirini ndogo ya kila siku. Mguu umerudi, anatembea kwa fimbo. Mkono bado. Kinachotutesa ni maneno.

Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mimi mtu wa Tanga, na tunaishi Morogoro ambako ana duka la spea za magari. Tangu tuoane, ndani ya nyumba ni Kiswahili tu. Sasa neno lililobaki mdomoni mwake ni "ndaga", ambalo kwao ni asante. Ukimuuliza atakula nini, "ndaga". Nani amepiga simu, "ndaga, ndaga", huku anapiga paja kwa hasira. Mara chache linatoka neno la Kiswahili, na mara nyingi silo: anasema "mlango" akitaka kijiko. Lakini Jumapili, kwaya ya Moravian ikianzisha wimbo wa Kinyakyusa anaoujua, anauimba ubeti mzima bila kukosea. Watu wananigeukia kama nimewadanganya kuwa mume wangu haongei.

Mwezi uliopita walikuja ndugu zake. Kaka yake mkubwa akamuuliza, "Hunifahamu?" Akajibu "ndiyo". Shemeji akanitazama, akasema, "Umeona? Akili haipo tena."

Wanataka mambo mawili. Kwanza, tuuze kiwanja chetu cha Kihonda. Mnunuzi yupo, anatoa milioni 9, na karatasi zimeshaandikwa, linasubiriwa dole gumba la mume wangu. Pesa ilipe madeni ya mzigo wa duka, itakayobaki imtunze. Pili, aende Tukuyu kwa mama yake akasikie lugha yake, maneno yatarudi. Na huko kuna mtu anakata kimeo, wanasema ulimi utafunguka.

Mimi nimepata mtaalamu wa tiba ya usemi Dar es Salaam. Kikao cha dakika 45 ni shilingi 60,000, na anataka tuende mara mbili kwa wiki. Kuna nauli ya SGR kwa watu wawili, na tukifika mume wangu ameshachoka. Nimefikiria kuuza mzigo wote wa duka nimlipe mwaka mzima. Mdogo wake anasema ni kutupa hela, maana kisichorudi ndani ya miezi sita hakirudi tena, na sisi tumebakiza mwezi mmoja.

Kwa sasa namfundisha mwenyewe. Nimebandika ukutani herufi kama za chekechea, arudie a, e, i, o, u. Akitaka maji simpi mpaka aseme "maji". Binti yangu ananiambia namtesa baba. Jioni anapuliza baluni kulegeza mdomo, tuliambiwa zinasaidia. Kula anakula vizuri, ila maji na chai humpalia, tumezoea. Amepata homa mara mbili, tukampa dawa ya malaria ikaisha.

Mimi najua anaelewa kila kitu. Nimwachie aende kwao, au nibaki naye nipambane? Na kiwanja nifanyeje?

Mama wa Wawili, Morogoro

Jibu

Pole sana, dada. Umebeba mgonjwa, duka, watoto na ukoo kwa mkupuo mmoja, na bado umeandika kwa mpangilio unaonisaidia kuona mambo. Umeuliza aende au abaki, na kiwanja kiuzwe au kisiuzwe. Chini ya hayo naona swali jingine: nani anajua kilichomo kichwani mwa mume wako, na anaulizwaje? Ndugu zake wana jibu lao, wewe una lako, na majibu yote mawili yanahitaji kupimwa.

Lakini lipo jambo uliloligusa kwa sentensi moja ukapita, na haliwezi kusubiri mjadala wa familia. Maji na chai vinampalia, na amepata homa mara mbili.

Tunapomeza, njia ya hewa hujifunga kwa muda mfupi ili kinywaji kipite nyuma yake. Kiharusi kikigusa misuli ya koo, mlango huo huchelewa. Uji mzito hutelemka polepole na kuusubiri. Maji hayasubiri, yanaingia mapafuni yakiwa yamebeba bakteria wa mdomoni. Je, homa zile mbili zilipimwa na vimelea vya malaria vikaonekana? Kama dawa ilitolewa kwa kukisia, mwombe daktari asikilize kifua chake wiki hii. Homa ikirudi pamoja na kupumua haraka au kifua kinachokoroma, nenda siku hiyo hiyo. Ujue pia kwamba wako wanaoingiza maji mapafuni bila hata kukohoa. Kwao dalili huwa ni sauti inayobaki na unyevu baada ya kunywa kama mtu anayehitaji kusafisha koo, homa zinazojirudia, na kupungua uzito.

Mtaalamu wa usemi ndiye huyo huyo anayepima kumeza. Kwa hiyo ukimpigia simu, taja koo kabla ya maneno. Huku mkisubiri, akae wima kwenye kiti chenye mgongo, miguu ikigusa sakafu. Asinyweshwe akiwa amejiegemeza kitandani wala akiwa na usingizi. Anywe kwa kijiko cha chai, funda moja, ameze, apumzike, kisha umwombe aseme "aaa". Sauti ikiwa na maji, akohoe na kumeza tena kabla ya kijiko kingine. Televisheni izimwe. Mkimaliza, angalia shavu la kulia, maana chakula hujificha upande uliolegea, halafu abaki amekaa kwa nusu saa. Meno na ulimi visuguliwe asubuhi na usiku bila kukosa. Watu hulidharau hili, kumbe mdomo mchafu ndio unaogeuza funda dogo lililopotea njia kuwa homa ya mapafu.

Huenda mtaalamu akasema vinywaji viongezwe uzito. Upo mfumo wa kimataifa, IDDSI, unaopima uzito huo kwa bomba la sindano la ml 10, bila sindano yenyewe wala kijiti cha kusukumia. Chagua bomba ambalo umbali kutoka alama ya 0 hadi 10 ni milimita 61.5, kwa sababu mabomba hayafanani. Ziba tundu kwa kidole, jaza mpaka ml 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena, usome kilichobaki. Chini ya ml 1 ni sawa na maji. Kati ya 1 na 4 ni kiwango cha 1, kati ya 4 na 8 ni cha 2, na zaidi ya 8, mradi kiasi fulani kimetoka, ni cha 3. Uji upime ukiwa na joto lile lile atakalonywea, maana ukipoa huwa mzito. Na kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi kwenye bakuli mkakiacha humo: mate huvunja wanga, na uji uliokuwa kiwango cha 2 utateremka ukiwa mezani. Usiamue kiwango mwenyewe, wala usimnyime vimiminika kwa hofu. Wanaopewa vinywaji vizito mara nyingi hunywa kidogo kuliko mwili unavyohitaji, kwa hiyo angalia mkojo usiwe wa rangi iliyokolea. Vyakula vyenye mchuzi mwepesi na vipande vigumu pamoja, kama makande, ni vigumu zaidi kwake kuliko ndizi zilizopondwa. Wali unaotawanyika nao una shida yake. Vidonge usivisage mpaka mfamasia akubali, vingine havisagwi.

Tuje kwenye maneno. Ulichoeleza kinaitwa afasia: ugumu wa kutumia lugha unaotokana na ubongo kuumia. Humpata takriban mmoja kati ya kila watu watatu wanaopatwa na kiharusi. Maneno ya mume wako hayajafutika, njia ya kuyafikia ndiyo iliyoharibika. Ndiyo sababu "mlango" unatoka mahali pa kijiko, naye mwenyewe anasikia kuwa si hilo, anapiga paja. Wimbo wa kanisani, kuhesabu moja mpaka kumi, Baba Yetu, maamkizi: hayo yalihifadhiwa kama mnyororo mzima, yanajiendesha bila yeye kutafuta neno moja moja, na muziki hutumia pia upande wa ubongo ambao haukuguswa. Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kila aliloulizwa alijibu "tan". Broca aliandika kuwa mtu yule alielewa karibu yote aliyoambiwa. "Ndaga" ya mume wako iko katika kundi hilo. Isikilize mkunjo wake: ya kukubali, ya kukataa na ya kuuliza huenda hazilingani sauti, na hapo tayari una kitu cha kushika.

Sasa lile swali la shemeji, "Hunifahamu?" Kwa Kiswahili chetu mtu akiulizwa "Hujala?" akajibu "ndiyo", anaweza kumaanisha ndiyo sijala, au ndiyo nimekula. Hata mzima ungemuuliza mara ya pili. Kwa mwenye afasia, ambaye "ndiyo" na "hapana" zenyewe humponyoka na kubadilishana mahali, swali la kukanusha halipimi chochote. Shemeji hakudanganya. Alipata jibu kutoka kwa swali bovu.

Njia nzuri zaidi ni kuandaa maswali kumi, yote ya kukubali, ukweli mmoja ukiulizwa pande mbili na pande hizo zikitenganishwa: "Unaitwa" na jina lake, baadaye "Unaitwa" na jina la mtu mwingine. "Tuko Morogoro?" na "Tuko Mbeya?" "Una duka la spea?" na "Una duka la nguo?" Uso wako usicheke wala kutikisika. Ajibu kwa kichwa, kwa dole juu au chini, au kwa kugusa kadi. Anayebahatisha hupata kama matano. Akipata tisa au kumi, "ndiyo" yake inaaminika kwa mambo mepesi. Akipata matano au sita, bado hujathibitisha kuwa haelewi. Umethibitisha tu kwamba njia hiyo ya kujibu haifai, ujaribu nyingine.

Na wewe, dada, unasema anaelewa kila kitu. Kwa mke aliyeishi naye miaka mingi ni rahisi kuona hivyo, kwa sababu nyumbani nusu ya ujumbe haiko kwenye maneno. Ukisema "njoo ule" sahani imeshawekwa mezani. Ukisema "vaa viatu" unavitazama. Jaribu bila msaada huo: kijiko, funguo, kikombe na kitabu mezani, macho yako yakimtazama yeye na si vitu. "Nipe funguo." Kisha, "Gusa kijiko, halafu nipe kikombe." Kisha, "Weka funguo juu ya kitabu," na baada ya muda, "Weka kitabu juu ya funguo." Wengi wenye afasia ya aina hii hufanya vizuri mwanzoni, wakapotea sentensi inapokuwa ndefu au maana inapokaa kwenye mpangilio wa maneno. Ikitokea hivyo usivunjike moyo, na wala shemeji hatakuwa ameshinda. Utakuwa umejua anaelewa mpaka wapi, na uongee naye kwa urefu huo. Fanya asubuhi, hajachoka, ana miwani yake. Vitu viwe mbele yake kidogo kuelekea kushoto, maana kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo mara nyingine huiba nusu ya kulia ya anachokiona.

Kuhusu mafunzo yako ya nyumbani, nia yako naiona na juhudi naiheshimu. Ila maji. Ukimzuilia maji mpaka aseme, unamwomba afanye kile hasa alichoumizwa asikiweze, tena akiwa na kiu, na kadiri anavyobanwa ndivyo neno linavyozidi kukimbia. Binti yako ameona jambo la kweli. Maji apewe, nawe useme neno hilo wazi unapompa, basi. Herufi za a, e, i, o, u nazo hazimfikishi kwenye "kijiko", maana hakupoteza sauti moja moja, amepoteza njia ya neno. Baluni hufanyisha kazi mashavu, hazirudishi maneno. Zina nafasi ndogo mno kuziachia jioni nzima.

Wataalamu huanza na maneno yenye maana kwa mtu mwenyewe. Kwake ningefikiria ishirini: majina ya watu wa nyumbani, vitu vitano vya kila siku, na yaliyobaki ya dukani, kama plagi, pedi za breki, shokapu, mkanda wa feni, oili. Weka kitu chenyewe mkononi mwake. Ngoja, hesabu kumi kimoyomoyo, usimkimbilie. Lisipotoka, zungumzeni kukihusu: kinakaa wapi kwenye gari, kinafanya kazi gani, kikifa gari linaliaje. Kisha anza sentensi umwachie mwisho: "Gari lina miss, tubadilishe..." Kisha mpe mwanzo wa neno. Hapa Kiswahili kina mtego: ukimpa "ki" ya kijiko, umemfungulia kikombe, kisu, kiti na kitabu pamoja. Mpe "kiji". Ikishindikana, liseme, mseme pamoja, mwendelee na kingine, mlirudie baada ya dakika tano. Akikwama kwenye neno moja, analirudia kwa kila kitu, simamisha, ongeeni jambo jingine kidogo. Nusu saa asubuhi na dakika ishirini alasiri zinafaa kuliko saa mbili za machozi. Akisema "nunua... plagi... kesho", ameshasema. Usimrudishe aseme "nitanunua".

Hilo la miezi sita linasikika sana, na lina mzizi: nafuu huwa ya haraka zaidi miezi ya mwanzo. Lakini haikomi siku hiyo. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2017 uliwachukua watu 156 waliokuwa na afasia kwa zaidi ya miezi sita. Wiki tatu za tiba, saa 10 au zaidi kila wiki, ziliboresha mawasiliano yao ya kila siku, wakati waliokuwa bado wanasubiri zamu hawakubadilika. Usisome humo ahadi kwamba atarudi alivyokuwa. Soma mambo mawili: mwezi mmoja uliobaki si mlango unaofungwa, na wingi wa saa kwa wiki una uzito wake.

Kwa jicho hilo, tazama upya safari za Dar. Mara mbili kwa wiki ni saa moja na nusu ya tiba, na mwaka mzima ni vikao 104, yaani shilingi 6,240,000 kabla ya nauli, mgonjwa akifika amechoka. Faida yake ni kuwa mikononi mwa mtaalamu kwa muda mrefu, na kwa koo lake hilo si dogo. Njia nyingine ni kumuuliza mtaalamu kama anaweza kuwabana wiki tatu mfululizo, mkae kwa ndugu Dar, vikao vinne kwa wiki. Ni vikao 12, shilingi 720,000. Wewe uwe ndani ya chumba ukijifunza, saa zinazobaki mzifanye wenyewe, halafu mfuatiliwe kwa simu ya video mara moja kwa mwezi. Hatari yake: duka litafungwa wiki hizo, mtaalamu huenda hana nafasi, na mkirudi mkaacha mazoezi, mengi yatalegea.

Na duka. Kuuza mzigo wote kungekupa fedha, lakini kungemwondolea mahali ambapo maneno yake yako rafuni, yana bei na wateja wanaomwita kwa jina. Hata kukaa pale saa moja kila siku akionyesha bidhaa kwa kidole kuna thamani. Ila namba nazo huathirika kwenye afasia, kwa hiyo chenji na namba ya siri ya simu visiachwe kwake peke yake kabla hajapimwa.

Tukuyu usiikatae kwa sababu tu imeletwa na mashemeji. Lugha ya utotoni, mama, na watu wanaoingia na kutoka siku nzima ni vitu ambavyo Morogoro haina. Kwa kawaida lugha za mtu mwenye afasia hupona kwa pamoja, na Kinyakyusa hakitakiharibu Kiswahili. Lakini kusikia peke yake si tiba. Lazima mtu akae naye na vile vitu ishirini. Hatari ninazoziona ni koo ambalo mama mkwe hajafundishwa kulilinda, dawa za presha kukatika, na watoto wake ambao lugha yao na baba ni Kiswahili. Mkiamua hivyo, inaweza kuwa ya majaribio ya mwezi mmoja, tarehe ya kurudi ikijulikana, mtu mmoja akitajwa kwa dawa na kumeza. Akibaki, bado mnaweza kuileta Tukuyu: mama yake arekodi kwenye simu maneno yale ishirini kwa Kinyakyusa, na muandike ni lugha ipi ilitoa neno lipi. Mtaalamu atahitaji kujua alijifunza ipi kwanza, alifanyia kazi ipi, na alisomea ipi. Kama alisoma shule kwa Kiswahili, kadi za maandishi ziwe za Kiswahili hata kama mdomo unataka Kinyakyusa.

Kimeo nitakisema waziwazi, maana hapa sina pande mbili za kupima. Kidonda kiko ubongoni, koo halina cha kukatwa kitakachorudisha maneno. Na mtu anayemeza aspirini kila siku akikatwa kooni anaweza kutoka damu isiyokatika upesi, tena ishuke kwenye njia ya hewa ambayo tayari haijilindi.

Kiwanja kinarudisha swali la mwanzo. Shemeji wanataka dole gumba, nawe ulifikiria kuuza mzigo, na katika barua yote sikuona mahali alipoulizwa mwenye mali. Najua si kwa ubaya. Nyote mlidhani hakuna njia. Wanaopima uwezo wa kuamua huangalia mambo manne: aelewe anachoambiwa, akishike kwa muda wa kutosha, apime faida na hasara, na aonyeshe uamuzi kwa njia yoyote, ikiwemo kidole. Mpelekeni Kihonda akaone kiwanja. Nyumbani, jambo moja kwa wakati: andikeni KIWANJA kwa herufi kubwa, chini yake daftari la madeni, kisha kadi tatu zilizopangwa juu kwenda chini: UZA, USIUZE, SUBIRI. Mwambieni kwanza, "Tunajua kichwani unajua, mdomo ndio unaokataa." Awepo mtu asiye na maslahi, labda mzee wa kanisa, kwa sababu kadi zikishikwa na wewe peke yako au na shemeji peke yake, mkono unaweza kumwongoza mgonjwa bila kukusudia. Rudieni siku nyingine, mpangilio umebadilishwa. Akigusa kile kile mara tatu, ni kauli. Akibadilika kila mara, mna sababu ya kusubiri vipimo vya mtaalamu, na madeni ya duka mnaweza kuyazungumza na wenye mzigo kwa sasa.

Kuhusu sheria, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza nyumba ya familia. Kiwanja kitupu ni suala tofauti, na jina lililo kwenye hati lina uzito, kwa hiyo mwone msaidizi wa kisheria na nakala ya hati kabla karatasi ya mnunuzi haijaguswa na mtu yeyote. Na kila mara kadi zinapotumika, andika tarehe, mpangilio wake, waliokuwepo na alichogusa. Karatasi hiyo ataihitaji mtaalamu wa usemi, na msaidizi wa kisheria pia.